Slivu ya chuma au silinda ya nikasili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye skrambla Malindi

Ukurasa huu ni wa mtu anayeendesha skrambla, yaani pikipiki ya njia mbovu, kwenye mchanga wa Mambrui, vumbi jekundu la Marafa au barabara za mashamba ya chumvi ya Gongoni, na sasa ameambiwa silinda yake imekwisha. Majibu mengi yanahusu injini za stroki mbili, kwa kuwa ndizo zinazokula silinda haraka. Za stroki nne zina swali lao huku chini.

Tofauti hasa ni nini?

Kwa nje zote mbili ni aluminiamu. Silinda ya slivu ina bomba la chuma lililobanwa ndani yake, na pistoni husugua kwenye chuma hicho. Slivu nyingi ni za chuma cha kusubu, si feleji, kwa sababu chuma cha kusubu kina grafiti ndani yake inayosaidia ulainishaji, na kikisuguliwa vizuri hushika oili.

Silinda ya nikasili haina bomba. Ukuta wenyewe wa aluminiamu umepakwa kwa umeme utando wa nikeli uliochanganywa na chembe za silikoni kabaidi, ambazo ni ngumu kuliko mchanga. Utando huo kwa kawaida una unene wa kati ya mm 0.05 na 0.1 tu. Kampuni ya Mahle ya Ujerumani ndiyo iliyobuni Nikasil mwaka 1967 kwa ajili ya injini za Wankel, zenye rota badala ya pistoni. Baadaye ukaingia kwenye injini za Porsche na za pikipiki, na leo mafundi hutumia jina hilo kwa tando zote za namna hiyo.

Nitajuaje yangu ni ya aina gani?

Anza na modeli. Yamaha AG100, DT125 za kupozwa kwa upepo, Honda XR250 za zamani na hata Bajaj Boxer ya bodaboda zina slivu. Yamaha YZ125 na YZ250 za miaka ya karibuni, KTM za EXC na SX, na Honda CRF250R zilitoka kiwandani zikiwa zimepakwa.

Lakini pikipiki iliyopitia mikono mitatu au minne usiiamini kwa modeli peke yake. Fungua hedi (kifuniko cha juu cha silinda) uangalie ukingo wa juu wa silinda. Ukiona duara mbili, ya ndani yenye rangi ya kijivu cha chuma na ya nje ya aluminiamu, hiyo ni slivu. Weka sumaku ndogo ndani ya tundu: kwenye chuma itashika kwa nguvu, kwenye nikasili itavutwa kidogo sana au haitavutwa kabisa. Tazama pia kichwa cha pistoni. Namba kama 0.25, 0.50 au 1.00 ina maana silinda imewahi kupigwa riboo, yaani kukerezwa ndani ili ipokee pistoni kubwa zaidi. Herufi A au B, au alama I na II kwenye KTM, ni za kulinganisha pistoni na silinda ya kiwandani iliyopakwa.

Fundi anasema silinda yangu ya nikasili ipigwe riboo 0.50. Nikubali?

Hapana, na usiache silinda yako mezani kwake ukaenda zako. Riboo ya 0.50 huondoa mm 0.25 kila upande, na utando wote haufiki hata nusu ya hapo. Silikoni kabaidi itafanya kisu kiwe butu na kuubandua utando vipandevipande. Kitakachobaki ni aluminiamu tupu. Pistoni nayo ni aluminiamu, na aluminiamu ikisuguana na aluminiamu kwenye joto huyeyukiana na kushika, yaani kugandana injini isizunguke, dakika chache baada ya kuwasha.

Silinda ya nikasili iliyoharibika ina njia nne tu: isafishwe kama utando bado mzima, ipakwe upya kiwandani, iwekwe slivu, au inunuliwe nyingine.

Injini ilishika na ndani ya silinda kuna mistari. Imekufa?

Mara nyingi haijafa, na hapa ndipo watu wengi hutupa silinda nzima. Pistoni inaposhika, ukuta wa nikasili ndio mgumu, kwa hiyo aluminiamu laini ya pistoni hukwaruka na kujipaka ukutani. Kinachoonekana kama mfereji huenda ni tuta dogo la aluminiamu lililogandia juu ya utando mzima.

Lijaribu kwa asidi ya haidrokloriki, ile inayouzwa kwa kusafishia vigae. Fanya kazi nje penye upepo, uvae glavu za mpira na miwani. Ng'oa silinda kabisa kwenye injini. Zungushia pamba kwenye kijiti, ichovye kidogo, kisha gusa mstari wenyewe tu. Aluminiamu itatoa povu. Futa, suuza kwa maji, rudia mpaka povu liishe. Usiache asidi itiririke kwenye matundu ya kupitishia mchanganyiko wala tundu la moshi, maana kuta zake hazijapakwa na zitaliwa. Povu likiendelea mahali pamoja na shimo likazidi kwenda chini, utando hapo umekwisha na asidi sasa inakula mwili wa silinda. Acha papo hapo, suuza kwa maji mengi yenye magadi soda.

Baada ya hapo sugua ukuta kwa sponji ya kijani ya kuoshea sufuria yenye oili, kwa mwendo wa mshazari, kisha osha kwa maji moto na sabuni, kausha, paka oili. Pitisha ukucha. Usipokwama popote, silinda hiyo inarudi kazini na pistoni mpya na ringi mpya. Ukikwama kwenye mfereji wa kweli, au ukaona utando umebanduka ukingoni mwa tundu la moshi, usiirudishe: ringi itanasa hapo na kuvunjika.

Asidi hii usiipake kwenye slivu. Chuma kitachimbika na kuota kutu siku hiyohiyo.

Slivu inapunguza nguvu za injini?

Kidogo, na sababu yake ni joto. Aluminiamu hupitisha joto karibu mara tatu kuliko chuma cha kusubu. Kwenye nikasili joto la pistoni linavuka utando mwembamba na kuingia moja kwa moja kwenye aluminiamu na maji ya kupoza. Kwenye slivu linavuka chuma cha mm 3 au zaidi, kisha mahali chuma na aluminiamu vinapokutana. Injini ya 125 inayozungushwa juu saa nzima kwenye mchanga itahisi tofauti hiyo; mwendeshaji anayetoka mjini kwenda Marafa kwa mwendo wa kadiri hataihisi. Nguvu nyingi zinazopotea baada ya kuweka slivu hazitokani na chuma chenyewe bali na matundu yaliyokatwa vibaya, na hilo ni kosa la kazi.

Kwa hapa Malindi, tunashauri ipi?

Utando ukiwa mzima, ulinde na uache mambo ya slivu. Ni bora kuliko chuma kwa joto, kwa kuvumilia mchanga na kwa kutoota kutu kwenye hewa ya chumvi.

Utando ukiwa umebanduka, swali linahamia kwenye matengenezo ya mara ijayo. Kupaka upya ni kazi ya viwanda maalumu, kama vilivyoko Marekani na Uingereza, na silinda hukaa safarini majuma mengi. Slivu huwekwa na karakana yoyote ya kukereza yenye mashine nzuri, na pistoni ikilegea tena unapiga riboo 0.25 au 0.50 bila kusafirisha kitu. Kwa pikipiki ya kazi au ya matembezi, slivu iliyowekwa vizuri ni uamuzi wa busara. Kwa pikipiki ya mashindano, paka upya au tafuta silinda nyingine. Slivu iliyowekwa vibaya ni mbaya kuliko zote, na ndiyo maana jibu linalofuata ni refu.

Slivu inawekwaje ili isilegee?

Mwulize fundi wa mashine mambo haya kabla hajaanza, na usione haya kuuliza.

Silinda hukerezwa ikiwa imekaa juu ya uso wake wa chini, ule unaogusa injini, kwa sababu huo ndio ulio mraba na krankshafti. Ikiegemezwa kwenye uso wa juu uliopinda, tundu litakwenda upande na pistoni italiwa shavu moja. Tundu hukerezwa dogo kuliko slivu kwa mm 0.05 hadi 0.08. Hiyo ndiyo tofauti inayoishika slivu injini inapopata moto na aluminiamu kutanuka kuliko chuma. Ikiwa slivu inaingia kwa kusukumwa na mkono silinda ikiwa baridi, au fundi anataka kuipaka gundi, chukua silinda yako uondoke.

Kabla ya kupasha moto toa sili zote, vipande vya plastiki na pawa valvu (valvu inayobadilisha ukubwa wa tundu la moshi). Silinda huwekwa kwenye oveni, nyuzijoto 200 za Selsiasi kwa muda wa saa moja. Slivu hulala kwenye friza usiku kucha. Usikubali mwali wa gesi: hupasha upande mmoja na kuipinda silinda. Alama za matundu zichorwe mapema, kwa maana slivu ikishaingia una sekunde chache tu za kuizungusha kabla haijabana. Ikandamizwe kwa uzito mpaka ipoe, isije ikapanda. Shingo yake ya juu husawazishwa na uso wa silinda. Ikichomoza upande mmoja gasketi haitakaa sawa. Ikizama, moto wa mlipuko utapenya chini ya gasketi na kuichoma.

Kisha matundu ya slivu hulinganishwa na ya silinda, na kila ukingo huzungushwa mviringo kwa jiwe dogo. Ukingo mkali wa tundu hukata ringi ya stroki mbili. Ndipo tundu la pistoni hukerezwa hadi kubakia mm 0.05 hadi 0.08 kufikia kipimo chake, na kiasi hicho humalizwa kwa mawe ya honingi (mawe ya kusugulia ukuta), mistari ikikatana kwa takriban nyuzi 45.

Kama tundu la moshi lina daraja katikati, yaani nguzo inayoligawa mara mbili, omba daraja hilo lisuguliwe ndani kwa mm 0.05 hadi 0.08 zaidi, kwa sababu daraja hupata moto mkali kuliko sehemu nyingine na kuvimba kuelekea pistoni. Pistoni nayo itobolewe vitundu viwili vya mm 1.5 hadi 2 mahali panapopita kwenye daraja, ili oili iifikie. Kingo za vitundu hivyo zilainishwe.

Mwisho kabisa, pawa valvu. Ifunge, weka pistoni, zungusha injini kwa mkono polepole huku ukiifungua na kuifunga. Ikiwa inagusa slivu au pistoni, ikatwe kwanza.

Silinda huoshwa kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli haitoi unga wa mawe ya honingi, huueneza tu.

Niache uwazi kiasi gani kati ya pistoni na ukuta?

Fuata karatasi iliyomo kwenye boksi la pistoni. Kwa 125 yenye kipenyo cha mm 54 iliyopakwa nikasili, uwazi wa pistoni ya kusubu (iliyomiminwa kwenye kalibu) mara nyingi huwa karibu na mm 0.05. Pistoni hiyohiyo ikiingia kwenye slivu huongezwa mm 0.02 au 0.03, na pistoni ya kufuliwa (iliyofinyangwa kwa kukandamizwa) hudai zaidi, mara nyingi 0.08 na kuendelea.

Sababu ni hii. Kipenyo cha mm 54 kikipanda joto kwa nyuzi 100, aluminiamu hutanuka takriban mm 0.12 na chuma cha kusubu takriban 0.06. Kwenye nikasili ukuta unaikimbia pistoni inayovimba. Kwenye slivu ukuta unabaki nyuma.

Pima pistoni chini, kwenye sketi (ukuta wake wa chini), kwa pembe mraba na pini, kwa maikromita. Pima tundu mahali patatu, juu, kati na chini, kwa njia mbili zinazokatana. Tofauti ya juu na chini ikifika mm 0.05, silinda imekuwa na umbo la pia, pana upande mmoja, na ringi hazitakaa. Fundi anayepima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi) peke yake anakisia.

Uwazi wa ncha za ringi upimwe pia ringi ikiwa ndani ya silinda. Bila karatasi, mm 0.1 kwa kila mm 25 za kipenyo ndio mwisho wa chini, kwa hiyo takriban 0.22 kwa silinda ya mm 54. Pungufu ya hapo ncha zitagusana kwenye joto.

Riboo ikiongeza ukubwa, injini inakuwa ya sisi (cc) ngapi?

Si nyingi. YZ125 ina kipenyo cha mm 54 na mwendo wa mm 54.5, yaani sisi 124.8. Ukipanua hadi mm 54.5 unapata takriban 127.1. Usipige riboo kwa kutafuta nguvu. Acha unene wa kutumia baadaye, na slivu isikonde chini ya mm 2.

Nilinunua skrambla Nairobi. Huko ilikwenda vizuri, hapa imeshika. Kwa nini?

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa huko ina jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo. Ukiishusha Malindi, hewa ni nzito zaidi, jeti ni ileile, petroli inakuwa haitoshi. Mchanganyiko mkavu huchoma moto mkali na huleta oili kidogo, kwa kuwa kwenye stroki mbili oili inasafiri na petroli. Pistoni hushika upande wa tundu la moshi kwanza.

Ongeza jeti kuu hatua mbili kabla ya kuendesha kwa nguvu, kisha usome plagi. Zima injini mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa kabisa, klachi imeshikwa, utoe plagi. Rangi ya kahawia ya mbao ni njema. Nyeupe yenye chembe za kumeta ni hatari, na chembe hizo ni pistoni yako.

Nimeweka slivu na pistoni mpya, ikashika tena wiki hiyohiyo.

Basi silinda haikuwa chanzo. Jaribu kama injini inavuja hewa. Ziba tundu la moshi na mdomo wa kabureta, jaza hewa psi 6 kwa pampu ndogo yenye geji, subiri dakika sita. Ikipoteza zaidi ya psi 1 kwa dakika, paka maji ya sabuni kwenye mpira wa kabureta, gasketi ya chini na sili ya krankshafti upande wa sumaku. Povu litakuonyesha. Sili ya upande wa klachi haionekani kwa sabuni: oili ya gia ikipungua na moshi ukazidi, ishuku hiyo.

Pili, petroli. Ya chupa za kando ya barabara huenda ina mafuta ya taa ndani yake, na mafuta ya taa hushusha oktani mpaka injini ianze kugonga. Ukisikia mlio kama wa kokoto kwenye kopo unapopanda mlima, punguza mafuta papo hapo.

Tatu, kupoza. Rejeta iliyojaa matope ya kando ya Sabaki haipozi kitu.

Mchanga unafikaje ndani, na unaumiza ipi zaidi?

Unafika kwa njia ya sponji ya hewa. Mchanga wa kwazi ni mgumu kuliko chuma cha slivu, kwa hiyo slivu huliwa moja kwa moja. Silikoni kabaidi ni ngumu kuliko mchanga, kwa hiyo nikasili hustahimili, lakini pistoni na ringi ndizo zitakazosagika. Katika hali zote mbili unalipa.

Osha sponji kila baada ya siku ya mchanga mkavu. Mafuta ya taa kwanza, kisha maji ya sabuni, ukamue bila kusokota, kausha kivulini. Petroli usitumie, huyeyusha gundi ya mishono. Paka oili ya sponji mpaka rangi ifike kila mahali, kamua ziada. Halafu kitu kinachosahaulika mno: paka grisi mdomo wa sponji unapokaa kwenye boksi. Vumbi la Marafa ni laini, na linapita kwenye ufa usioonekana. Ukikuta vumbi ndani ya mpira wa kabureta baada ya sponji, injini imeshakula.

Oili kiasi gani kwenye petroli?

Kwa lita 5 za petroli: ml 156 kwa uwiano wa 1:32, ml 125 kwa 1:40. Slivu mpya iende na 1:32 mpaka izoee. Ukiongeza oili kumbuka nafasi ya petroli inapungua, kwa hiyo usiongeze kiholela.

Injini mpya nizoeshe vipi?

Washa, acha ipate joto la kushikika kwa mkono, zima, iache ipoe kabisa. Fanya hivyo mara tatu, kila mara ukiongeza joto kidogo, kisha kaza upya nati za hedi. Halafu endesha dakika 20 hivi bila kufungua mkono wa mafuta kupita nusu, ukibadilisha kasi. Epuka mchanga mzito siku hiyo. Slivu inahitaji uvumilivu zaidi, na kila asubuhi iache ipate joto kabla ya kuifungulia: pistoni hupata moto mapema kuliko chuma kinachoizunguka, na injini za slivu hushika zikiwa baridi.

Petroli inakula nikeli?

Sifa hiyo ilitoka kwa magari ya BMW na Jaguar ya miaka ya 1990, ambayo silinda zake ziliharibiwa na petroli yenye salfa nyingi. Kwenye skrambla angalia mchanga na mchanganyiko mkavu kwanza.

Na stroki nne?

Hazina matundu ukutani, kwa hiyo kuweka slivu ni rahisi na hatari ni ndogo. XR na Boxer piga riboo bila wasiwasi. CRF250R na wenzake wana pistoni fupi inayokwenda kasi sana. Hizo baki na utando.

Naweza kurudi nikasili baada ya slivu?

Kwa karakana za kawaida, hapana. Aluminiamu iliyokerezwa kupisha slivu hairudi.

Pikipiki italala miezi ya kusi. Nifanye nini?

Slivu huota kutu upesi kwenye hewa ya bahari, na kutu ya mstari mmoja inatosha kudai riboo. Toa plagi, mimina ml 5 hadi 10 za oili ya stroki mbili, zungusha injini kwa mkono mara kadhaa, rudisha plagi. Ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa chenye oili na ufunge bomba la petroli. Rudia kila mwezi, na kila mara iache pistoni mahali tofauti. Kwenye nikasili fanya vilevile, kwa ajili ya krankshafti na beringi zake. Kabla ya kuwasha tena toa kitambaa, zungusha bila plagi oili iliyozidi itoke, weka plagi safi.